Nilivyofaulu Kabla ya Kusahihishwa

Nilijiunga na chuo nikiwa na umri wa kuitwa "mama" na darasa zima, mwalimu akiwemo. Sikujali. Ukiitwa mama mahali penye vijana, unapewa kiti cha mbele na hakuna anayekuuliza kwa nini umechelewa.

Mimi ni mpishi. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia kabla mimi sijafikiriwa, na jiko nililijulia kwenye bweni la shule ya wasichana, nikikoroga uji kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Tuliporudi nyumbani Rwanda tukafikia Gisenyi, nikaingia kwenye hoteli moja ya ufukweni kama mwosha vyombo, na sikutoka tena. Nilipanda polepole, kutoka kwenye karai la vyombo hadi meza ya mboga, kutoka mboga hadi samaki, mpaka nikawa msaidizi wa mpishi mkuu. Nayasema haya bila haya. Unyenyekevu wa mpishi ni uongo. Mpishi asiyejiamini, hata moto unamdharau.

Basi mpishi mkuu alipotangaza kwamba anastaafu ili akalime viazi vyake Kanama, macho yote hotelini yalinigeukia mimi. Mwenye hoteli akaniita ofisini. Alisema ile kofia ndefu ni yangu, ila nimletee diploma ya upishi kabla wageni wa likizo hawajaanza kumiminika. Hoteli inataka kuongezewa nyota, alinieleza, na wakaguzi wa nyota hawaonji, wanasoma. Nikikosa, atamleta kijana mmoja kutoka Kigali ambaye vyeti vyake vimekamilika. Nilimwuliza kama huyo kijana amewahi kuwaona sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wakiwa hai. Akaniambia, "Mama, usianze."

Chuo chenyewe kipo juu kidogo ya mji, na ni chuo cha watu kama sisi: fundi umeme anayetoka kazini Rubona na vumbi lake, dada wa saluni, askari polisi anayesomea uhasibu. Pale elimu hupimwa kwa krediti. Kila somo lina krediti zake, ukizijaza unapewa diploma. Nilidhani nitakaa darasani miaka miwili nikifundishwa kumenya vitunguu, na siku ya kwanza nilikwenda pale na uso wa mtu aendaye kung'olewa jino.

Aliyeniokoa ni mtunza kumbukumbu za wanafunzi. Huyu ni mzee aliyerudi kutoka Uganda, zamani alikuwa jeshini, na chuo kizima kinamwita Afande. Kiswahili alikipata kambini, Kiingereza alikipata shuleni, Kinyarwanda kwa mama yake, na anavitumia vyote kwa pamoja bila kuvichambua. Ofisi yake ina dirisha dogo la kuongelea, ingawa mlango huwa wazi kando yake. Ukipita mlangoni anakurudisha dirishani.

"Nyabo," akaniambia siku ile, yaani bibie, "kwa nini ukae darasa ya kitu unajua? Policy inasema, uzoefu nayo iko na krediti yake."

Kumbe chuo kina njia za kuchuma krediti bila kukalia dawati. Ukiwa na cheti cha mahali pengine na wakikiamini, wanakihesabia. Ukiwa na ushahidi wa kazi, yaani barua za waajiri, picha, watu wa kukusemea, unaupeleka wanaupima. Na somo unalolijua kweli unaweza kuliruka kwa mtihani: unafanya mtihani wake bila kuhudhuria hata kipindi kimoja. Sisi wanafunzi tunauita mtihani wa kuruka. Nilirudi nyumbani nikiimba. Cheti changu cha mikate cha Karagwe, kilichokuwa kimeanza kuwa na rangi ya chai, kilikubaliwa. Picha za harusi nilizopikia, na namna watu wa hapa wanavyooana utafikiri kesho ndoa zitakatazwa, zilinipa krediti za upishi wa hadhara. Masomo machache ya hesabu na usafi niliyakalia jioni kama wengine, na kwenye hesabu yule askari alininong'onezea mara mbili tatu.

Likabaki somo moja kubwa, upishi mkuu, la mwaka mzima. Mwaka mzima sikuwa nao. Ilinibidi niruke.

Afande alinionya. Mtihani wa kuruka haurudiwi. Ukianguka, unaingia darasani mwaka mzima na hakuna mjadala. Tena kwenye rekodi haziandikwi alama, linaandikwa neno moja tu la Kiingereza: ama Pass, ama Fail. Nilimwambia neno moja linanitosha, mimi si mtu wa maneno mengi. Akanitazama juu ya miwani yake, akaandika jina langu.

Mtahini alikuwa mwalimu wa upishi, ambaye wote tunamwita Madamu. Madamu alizaliwa na kukulia Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Congo, akasomea upishi huko kwa Kifaransa, na alipohamia kwetu hakuvuka mpaka wa Grande Barrière na kitu cha maana kuliko visu vyake. Ni mwanamke mwembamba, mpole, asiyecheka wala kununa akiwa kazini. Alinipa samaki wa ziwa, majani ya isombe, yaani kisamvu, na unga wa mchuzi mweupe wa Kifaransa, akavuta kiti, akakaa na karatasi zake mapajani.

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuwa nimetegemea. Miaka yote nimewapikia watu wenye njaa, na mtu mwenye njaa si shahidi. Wananisifu, naitikia, naondoa sahani. Sasa kwa mara ya kwanza maishani mtu aliyeshiba alikuwa amekaa kunitazama nikipika, akiandika. Kila nilipogeuza samaki, kalamu ilitembea. Nilipoonja isombe, kalamu ilitembea. Mikono yangu, ambayo huwa haihitaji kuulizwa, ikaanza kuniuliza: hivi? hapa? sasa? Nilipomaliza aliionja kila sahani kwa kijiko chake, akanywa maji, akaandika tena, kisha akasema, "Bon." Akachukua na karatasi zangu za maswali ya kuandika, akanishika mkono kwa adabu, akaenda.

Hiyo "bon" niliigeuzageuza njia nzima. Bon ya kumaliza? Bon ya sifa? Bon ya kuomba dua?

Siku chache baadaye nilikuwa zamu ya mchana, nikamtuma mume wangu apitie chuoni kuniulizia. Mume wangu anauza vitenge, kila asubuhi anavuka kwenda Goma alikokulia na jioni anarudi, na hakuna mlinzi wa mpakani asiyemjua. Alizoea kupita. Kwa Afande hakupita.

"Rekodi ni ya mwanafunzi," Afande alimwambia kupitia kidirisha.

"Lakini mi niko bwana yake!"

"Hata kama uko baba yake. Wewe si mwanafunzi."

"Yule mutu mutoto yake nimezaa mimi!"

"Hiyo ni rekodi ya hospitali. Hapa ni chuo."

Mume wangu alirudi amevimba, akisema katika mpaka wote wa Rwanda na Congo hajawahi kuona kizuizi kigumu kama kile kidirisha. Nilicheka hadi nikashika kiuno. Kesho yake nilikwenda mwenyewe, nikaonyesha kitambulisho, nikasaini, na Afande akanisukumia karatasi. Mbele ya jina la somo lile kubwa kulikuwa na neno moja: Pass.

Nilipiga kigelegele pale pale dirishani. Msichana wa saluni aliyekuwa nyuma yangu akanipokea bila hata kuuliza ni cha nini. Hotelini nilibebwa, na mwenye hoteli akasema nilete diploma yenyewe ikitoka tu. Nyumbani nilikaanga sambaza wa mtaa mzima na watoto wakanywa Fanta hadi wakalalamika tumbo. Kwa muda wa juma moja nilitembea Gisenyi kama mtu aliyevishwa taji, na kama kuna jirani ambaye hakupata habari, basi alikuwa amesafiri.

Jumamosi nikakutana na Madamu sokoni, penye nyanya.

"Mama, unisamehe sana," akaanza, mkono kifuani. "Ile copie yako bado sijasahihisha. Mutoto aliniugulia."

"Copie gani, Madamu?"

"Ya examen. Iko nyumbani, kwa meza."

"Lakini mimi nimeshafaulu."

"Nani alikuambia?"

"Afande! Karatasi ninayo!"

Tulisimama tukitazamana, nyanya zikitutazama. Kisha Madamu akatoa simu yake, akatafuta, akanionyesha ujumbe aliomwandikia Afande jioni ya mtihani. Ulisema: Mama wa hoteli alisha passe examen leo.

"Si ndiyo hiyo?" nikasema. "Pass."

"Passe, mama! Na e! Passer examen, ni kuifanya tu. Kukaa, kuandika, kutoka. Kufaulu ni kingine, kufaulu ni réussir. Mi nilimwambia uliisha kufanya, aweke présence, kwamba ulifika. Yeye aliona nini?"

Aliona alichoona. Mwalimu aliyesoma kwa Kifaransa alimwandikia kwa Kiswahili mtunza kumbukumbu aliyesoma kwa Kiingereza, na sote watatu tuna Kinyarwanda kizuri tu cha kuongelea mambo kama hayo. Lakini hawakukitumia. Mtu kidole chake cha simu kina lugha yake.

Tulipanda chuoni Jumatatu. Afande alisoma ujumbe upya, akaushusha mbali na macho, akauleta karibu.

"Nilidhani e ni makosa ya simu," akasema.

"Basi rekebisha, baba," Madamu akamwambia.

Hapo Afande akakaa wima, na nikajua tunakwenda kusomewa sheria. Alisema neno likishaandikwa na mwanafunzi akishasaini, rekodi imefungwa. Sheria hiyo iliwekwa kuwalinda wanafunzi, matokeo ya mtu yasichezewe nyuma ya mgongo wake. "Haifunguliwi na mimi. Haifunguliwi na Madamu. Mkuu wa chuo mwenyewe hawezi. Inafunguliwa na mwenye rekodi peke yake, akiomba kwa mkono wake na kutia sahihi. Na huwezi kusaini leo. Policy inasema lazima ulale nayo kwanza."

"Na ile copie?" Madamu akauliza.

"Somo imefungwa, copie inafungwa. Husahihishi. Unaileta hapa kwa bahasha, inachanwa."

Madamu akanigeukia. "Bon. Kama dossier imefungwa, mi sina haki ya kuweka hata point moja. Itabaki hivyo. Ni wewe, mama."

Walinitazama wote wawili. Afande akashusha sauti, jambo ambalo sikujua analiweza. "Nyabo, uko na Pass. Makosa si yako. Ukienda nyumbani sasa, hakuna mutu ana kitu cha kukuuliza."

Nikaenda nyumbani.

Mume wangu alicheka hadi machozi. Yeye neno hilo amezaliwa nalo. Alisema Goma nzima watu wana-passer na hawafaulu, ndiyo maana vyuo vimejaa. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akawa baba wa familia. "Mama watoto, uache vile iko. Neno ilianguka kwako. Labda Mungu mwenyewe aliongea Kifaransa."

Alikuwa na hoja. Nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Nikiacha, nina diploma, nina kofia, na kijana wa Kigali abaki Kigali. Nikiomba ifunguliwe, Madamu atasahihisha, na nikianguka nimekwisha: mwaka darasani, na jikoni kwangu bosi ambaye ningeweza kuwa shangazi yake. Sitajifanya mtakatifu. Dhamiri haikunisumbua sana. Nilijua wizi ni nini, na huu haukuwa wizi, ulikuwa herufi.

Kilichonisumbua ni kingine, na nilikionea haya kukisema hata kwa mume wangu. Nilitaka kujua. Kwenye meza ya Madamu kulikuwa na karatasi zenye jibu la swali ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza mtu yeyote: je, kweli najua kupika? Mtu anayejua, ambaye hakuwa na njaa, ambaye si mume wangu wala mgeni mwenye adabu, alikuwa ameonja na kuandika. Na karatasi hizo zingechanwa. Ningevaa kofia ndefu hadi uzee wangu nikiwa na cheti cha neno la Kifaransa. Hasira ilinishika. Niliwakasirikia wote, Madamu na ukimya wake, Afande na dirisha lake, na zaidi ile herufi.

Siku mbili nilipika vibaya, kana kwamba mikono yangu ilifanya makusudi. Siku ya pili mgeni mmoja mnene alikuja hadi mlangoni mwa jiko kunisifia samaki, na badala ya kumshukuru nikamwuliza kwa ukali kama asubuhi alipata kifungua kinywa. Akasema hapana, alitoka Kigali alfajiri. "Ndiyo maana!" nikamwambia, nikamfungia mlango. Mpishi mkuu akanitazama, akaniambia nivue aproni nikapunge hewa. Sikwenda kupunga hewa, nilipanda moja kwa moja chuoni.

Afande alinieleza yote upya, kana kwamba mimi ni mtu wa kuja. Nikisaini, Pass inafutwa leo hii. Nikianguka, hairudi. Mtihani haurudiwi. Nimeelewa? Nimeelewa. Sijalazimishwa? Sijalazimishwa. Sijalewa? Afande!

"Ninauliza kwa sababu lazima niulize," akasema. Kisha akaisogeza karatasi, ila kidole chake kikabaki juu yake. "Nyabo, katika hii kazi watu wanakuja kunililia niwafungulie rekodi ili waongezwe. Wa kupunguzwa sijaona. Wewe wa kwanza."

"Lete kalamu kabla sijaogopa," nikamjibu. Nilikuwa nimeshaogopa. Sahihi yangu ilitoka imepinda, naye akaigonga muhuri. Niliteremka mlima nikijiita mjinga kwa sauti, na mwendesha pikipiki akapunguza mwendo kuniuliza kama nahitaji msaada.

Nilimwambia mume wangu. Akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa kubwa zaidi.

Majibu yalikuja upesi kuliko nilivyoomba. Madamu alinipigia nije chuoni, na kwenye simu akakataa kusema zaidi, kwa sababu, alisema, sasa naye anaogopa maneno. Niliwakuta yeye na Afande wote wawili upande wa ndani wa kidirisha. Afande akanifungulia mlango. Kwa kweli hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikajua ni msiba.

"Mama," Madamu akasema, "ulireussir."

Nikajishika ukutani. "Sema kwa Kiswahili."

"Ulifaulu."

"Kwa Kinyarwanda."

"Watsinze, mama. Watsinze rwose."

"Afande! Kiingereza!"

"Pass," Afande akasema, akiwa ameshaiandika. "Na hii haina e. Nimehakikisha."

Nilikaa kwenye kiti cha Afande bila kukaribishwa. Nililia kidogo, nikacheka, nikampiga Madamu begani kwa furaha hadi akayumba. Yaani najua! Mwanamke aliyesomea kazi hii, aliyeshiba, aliyesahihisha kwa kalamu, amesema najua. Nilijisikia mkubwa kuliko siku ya kigelegele cha kwanza. Cha kwanza nilikuwa nimepewa, hiki nilikuwa nacho tangu zamani na sikujua.

"Lakini mama," Madamu akaendelea kwa upole wake, "kuna kitu moja. Unatia chumvi."

Nilisimama. Furaha yote ilikimbia. Sisi tuliokulia Tanzania tunajua kutia chumvi ni nini: ni kukuza mambo, kusema kidogo kikawa kingi. Nikajua wamepekua ule ushahidi wangu wa kazi, barua na picha za harusi, wameona nimejipamba.

"Sitii chumvi!" nikasema. "Kila nilichoandika ni kweli tupu! Harusi zile nimepika mimi kwa mikono hii, maharusi wapo, waitwe! Karagwe nimekoroga uji kabla wewe hujashika kisu! Kama kuna neno moja nimeliongeza pale, Afande alifute sasa hivi, na hiyo Pass aichukue tena!"

Afande akainua mikono yote miwili kuonyesha hajagusa kitu. Madamu alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye kabati.

"Mama, harusi gani? Mi niko nasema chumvi. Chumvi! Ya mukono!" Akafikicha vidole vyake hewani juu ya sufuria isiyokuwepo. "Kwa samaki ilikuwa mingi. Kwa isombe ilikuwa mingi. Kwa sauce blanche, mama, nilikunywa maji."

Afande akaanza kucheka, kicheko cha jeshini kinachoanzia miguuni, na Madamu ambaye hacheki kazini akajifunika uso kwa bahasha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa miaka yote, nikatia chumvi. Na hapo nikaona jambo ambalo nilikuwa nikilitazama kila siku. Hotelini sahani haitoki bila mpishi mkuu kuonja, na kwenye sufuria zangu, kila mara, alikuwa akiongeza maji au maziwa kidogo, kimya kimya. Nilidhani ni mbwembwe za wakubwa. Mzee wa watu alikuwa akiniokoa, na sasa anakwenda zake Kanama, na atakayeonja wa mwisho ni mimi.

Diploma ilitoka, mwenye hoteli akaisoma mbele na nyuma, na kofia nikapewa. Lakini siku ile ya majibu sikuwa nikiifikiria kofia. Nilikwenda nyumbani kwa hatua ndefu, nikamkuta mume wangu anakunja vitenge.

"Nimefaulu," nikamwambia. "Nimereussir, kwa lugha zako zote."

Akaruka, akanikumbatia, akapiga kelele watoto waje. Nikamzuia.

"Ngoja kwanza. Chakula changu kina chumvi nyingi?"

Akachukua kitenge kingine akaanza kukikunja, kumbe kilikuwa kimeshakunjwa.

"Baba watoto. Kina chumvi?"

"Eh... iko nayo. Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ndoa."

"Tangu ndoa! Na hukusema?"

"Mama, mi nilizania ni vile munapikaka kule Tanzania!" Alisema kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. "Nikasema, bon, ni utamaduni yao. Mutu akioa anaoa na utamaduni. Hata mama yangu aliniuliza, nikamwambia, muache, kwao ni hivyo. Na wewe kila siku ulikuwa unasema unapika kama kwenu."

Nilitaka kukasirika, nilijaribu kweli, haikuwezekana. Nilimwona kijana aliyenioa, ameketi mbele ya sahani ya kwanza ya mke wake, anameza, anajiambia ndiyo Tanzania hiyo, na anaomba nyongeza. Nilimbusu mbele ya watoto, jambo ambalo hatulifanyi, wakakimbilia nje wakipiga mayowe.

Nikaingia jikoni. Nilipika maharage na viazi vya Kanama, na kwa mara ya kwanza niliitazama chumvi kabla sijaiweka. Nikaweka nusu ya mkono wangu wa kawaida, nikaonja, nikajizuia. Yalikuwa maharage yenye ladha ya maharage. Niliyaleta mezani kama mtu anayeleta mtoto mchanga, nikakaa, nikawatazama mmoja mmoja. Watoto walikula bila kuinua vichwa. Mume wangu alionja, akasema iko muzuri, kabisa, muzuri sana. Akaonja tena. Akageuza kijiko kwenye sahani, akatazama dirishani, akatazama kabati.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ndogo, "chumvi iko wapi?"